Mume kaipenda nyumba, mimi naihofia njia

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia watoto wakiwa wamelala na mume wangu yuko zamu ya usiku. Nina miaka 36, ni mhasibu katika ofisi moja katikati ya jiji. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka minne. Tumeishi jijini tangu kabla ya ndoa na hatukuwahi kuona shida kubwa, mpaka mwaka jana.

Tumepanga ghorofa ya nne, vyumba viwili. Jirani wa chini yetu ni mtu mzima, tena mgonjwa, na kila mwanangu akikimbia yeye hugonga dari kwa mpini wa ufagio. Simlaumu. Lakini mtoto alishazoea. Siku moja tulimpeleka kwenye uwanja wa wazi, nyasi tupu, watoto wa wenzetu wanafukuzana, nikamwona yeye anatembea kwa ncha za vidole. Nikamwambia, "Kimbia, baba." Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa chini hakuna mtu?" Usiku ule ndio nilimwambia mume wangu tuhame.

Kwa hiyo ujue, Shangazi, wazo la kuhama lilikuwa langu. Ndiyo maana sasa nashindwa kusema.

Tumezunguka miezi mitano, karibu kila Jumamosi, na tumebaki na miji miwili ambayo mtu anaweza kulala huko na kufanya kazi jijini. Sitaitaja kwa majina kwa sababu ndugu zetu wanasoma safu hii. Nitaiita mji wa reli na mji wa barabara.

Mji wa reli uko kama kilomita 40. Treni ya asubuhi huchukua dakika 50, na kutoka stesheni hadi ofisini kwangu ni dakika 15 kwa miguu. Nyumba tuliyoiona huko ni ndogo, vyumba vitatu vimebanana, na uwanja wake ni kipande cha sementi ambacho gari likiingia mtoto hana pa kusimama. Kodi yake inakaribia hii tunayolipa sasa. Treni ya mwisho ya kurudi huondoka saa mbili na nusu usiku. Ukiikosa, umeikosa.

Mji wa barabara uko kilomita 35 tu. Nyumba ni kubwa, ina uwanja, ina mti wenye kivuli, na mwenye nyumba yuko tayari kutuuzia baada ya miaka miwili tukijaliwa uwezo. Mume wangu alipoingia uani alinyamaza, akashika shina la ule mti, akasema, "Hapa nitafunga bembea." Sijamwona na uso ule tangu binti yetu azaliwe. Tena wifi yangu anakaa mtaa wa pili, na mume wangu anasema atatusaidia watoto wakitoka shule.

Tatizo ni njia. Dalali alisema dakika 45, na kweli siku ile ya Jumamosi tulitumia dakika 45. Nilipowauliza wenzangu kazini wanaotoka upande huo, mmoja akaniambia huamka saa kumi alfajiri ili awe mezani saa mbili. Mwingine akasema inategemea: siku nyingine saa moja na robo njiani, siku nyingine saa mbili na nusu, na mvua ikinyesha usiulize. Mume wangu anasema barabara inapanuliwa, baada ya mwaka mmoja au miwili foleni itaisha. Yeye kazi yake ni ya zamu, hupita njiani saa ambazo wengine wamelala. Mimi naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni.

Nikipiga hesabu, tukihamia mji wa barabara nitatoka nyumbani mdogo amelala na kurudi amelala. Nikilisema hilo mume wangu ananijibu, "Si wewe uliyesema watoto hawana pa kukimbilia?" Basi nanyamaza.

Binti naye ana lake. Amebakiza kidogo amalize shule ya msingi, na ana marafiki wawili aliokuwa nao tangu darasa la kwanza. Hakulia wala hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, kule nikiumwa nikiwa shuleni, nani atakuja?" Nikamwambia shangazi yake. Akasema, "Sawa," akarudi kwenye daftari lake.

Mwenye nyumba wa mji wa barabara ametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na mume wangu anataka tutoe pesa ya kushika nyumba. Rafiki zangu ofisini wanasema nikihamia huko nitaacha kazi kabla ya mwaka kwisha, na mshahara wangu ndio unaolipa karo. Naogopa kuchagua vibaya, watoto wakaja kulipia. Naogopa pia kumvunja moyo mtu ambaye hajawahi kuninyima kitu.

Shangazi, mtu anachaguaje mji? Aangalie nini kwanza? Na kwa huyu binti wa miaka 11, tumeshachelewa?

Mama wa Wawili


JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uwanjani, mtoto anaponyata juu ya nyasi akiogopa kumsumbua mtu aliye chini ya ardhi. Mzazi yeyote angerudi nyumbani siku ile akiwa na neno la kumwambia mwenzake. Wewe ulilisema. Lakini kuomba kuhama hakukufungi kukubali kila mahali mtakapoonyeshwa. Naanza na hili kwa sababu naona limekuziba mdomo kuliko jambo lingine lolote katika barua yako: kila ukitaka kusita, unarudishiwa maneno yako mwenyewe, nawe unaona huna haki tena. Haki unayo. Aliyeliona tatizo la kwanza anaruhusiwa kuliona na la pili.

Sasa nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Mji mmoja unampa mtoto uwanja na unamnyima mama yake siku tano kati ya saba. Mwingine unamrudisha mama jioni, lakini unamweka mtoto kwenye sementi. Mume anaona nyumba, wewe unaona njia, na kila mmoja anaona kweli. Katikati yuko binti ambaye hajaulizwa anataka mji gani, ila ameuliza swali ambalo nyinyi wawili hamjaulizana.

Tuanze na njia. Mliipima Jumamosi, na Jumamosi ni siku ambayo kila mji wa pembeni huonekana karibu. Naomba uipime siku ya kazi. Muulize wifi kama mnaweza kulala kwake Jumapili, wewe na mumeo. Jumatatu utoke pale na mkoba wako, saa utakayotoka kweli, ufike mpaka kwenye kiti chako ofisini, na jioni urudi hadi mlangoni. Fanya hivyo siku mbili tatu kwa wiki tofauti, na mvua ikikukuta usiahirishe. Halafu ufanye hivyo hivyo na treni. Mumeo awe nawe angalau siku moja. Nimeona katika barua yako kwamba njia hiyo yeye huipita watu wamelala, kwa hiyo anapokuambia ni fupi hasemi uongo, anakuambia habari za barabara nyingine kabisa.

Andika dakika za kila safari, na ukimaliza usitafute wastani peke yake. Angalia siku mbaya kuliko zote. Safari ya saa moja na robo isiyobadilika unaweza kuipangia maisha: utajua unafika saa ngapi, utamwambia mtoto akusubiri, na utakuwepo. Safari ambayo leo ni saa moja na kesho saa mbili na nusu haipangiki, na mtoto wa miaka minne hajui neno "inategemea". Moyo wa binadamu una tabia hii, kwamba hukizoea haraka kile kinachokaa palepale, chumba kikubwa au uwanja mpana, lakini hauzoei kirahisi kinachobadilika kila siku. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake wafanyakazi 909 wa Texas, waliosimulia siku yao ya jana kipande kwa kipande na namna walivyojisikia. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa mkiani kabisa. Miaka minne baadaye wanauchumi Bruno Frey na Alois Stutzer, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha kwamba watu wenye safari ndefu za kazini waliridhika na maisha kidogo kuliko wengine. Kwa hesabu za kiuchumi haikupaswa kuwa hivyo, maana mtu huikubali njia ndefu kwa sababu analipwa kwa namna nyingine, kwa nyumba nzuri au mshahara mnono. Malipo hayo hayakutosha. Nakusimulia hayo ili ujue kwamba woga wako una msingi, usidhani ni udhaifu wa kwako peke yako.

Kuhusu barabara inayopanuliwa, nisingependa umkatishe mumeo tamaa, kwa sababu itakapofunguliwa huenda kweli mkapumua kwa kipindi. Ila msiweke sahihi kwa kuitegemea. Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani, wakachapisha mwaka 2011 kwamba barabara kuu za mjini zikiongezwa, kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka karibu kwa kiwango hichohicho. Nafasi inayopatikana hujazwa. Familia nyingine kama yenu zinaona njia imekuwa nyepesi, zinahamia huko huko. Kwa hiyo jiulizeni swali gumu kidogo: barabara ikibaki kama ilivyo leo kwa miaka mitano, je, mtaweza kuishi pale?

Usije ukadhani nakusukuma kwenye treni. Treni nayo ina mtego wake, na umeutaja kwa mstari mmoja kisha ukaupita. Wewe ni mhasibu. Mwisho wa mwezi unatoka saa ngapi? Na mwisho wa mwaka, vitabu vinapofungwa? Treni ya saa mbili na nusu usiku haingoji hesabu zikubali. Mji unaoishi kwa reli moja una tatizo la kukosa njia ya pili: siku injini ikiharibika au wafanyakazi wakigoma, mji mzima umekwama pamoja. Waulize wanaoisafiria ni mara ngapi imechelewa mwezi uliopita, na siku isipokuja wanafanyaje. Na usiku huo utakapoikosa, utalala kwa nani jijini? Kama jibu lipo, treni inakuwa rafiki. Kama halipo, umehamisha tu hofu kutoka asubuhi kwenda jioni.

Sasa nije kwenye swali la binti yako. "Nikiumwa nikiwa shuleni, nani atakuja?" Mama, hilo ndilo swali la kuchagulia mji. Mlikuwa mnahesabu kilomita na vyumba, yeye akahesabu watu.

Chukueni karatasi, wewe na mumeo, muichore wiki moja ya kawaida kwa kila mji. Jumatatu hadi Ijumaa, tangu alfajiri hadi usiku. Kila saa ambayo mtoto yuko macho andikeni nani yuko umbali wa nusu saa kutoka alipo. Zamu za mumeo ziingie humo. Huenda mkagundua jambo linalobadilisha picha yote: kwamba wiki za zamu ya usiku baba yupo nyumbani mchana, na kwamba mzazi wa karibu katika mji wa barabara angekuwa yeye. Je, yuko tayari kuwa huyo? Si kulinda nyumba akiwa amelala kwa uchovu wa zamu, nasema kuamka, kupokea simu ya mwalimu, kukaa na daftari la hesabu, kumwogesha mdogo. Wakati mwingine mwanaume hajakataa kazi hiyo, ni kwamba hakuna aliyemwambia kwamba nyumba aliyoichagua ndiyo inayomwajiri.

Kuna uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2011, wa Jennifer Roberts, Robert Hodgson na Paul Dolan, uliokuta safari za kazini zinawaumiza wanawake kiakili, lakini kwa wanaume hawakuona hivyo. Maelezo waliyotoa ni kwamba mwanamke akishuka kwenye gari zamu yake ya pili inaanza: watoto, usafi, mipango ya kesho. Nchini Uswidi Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå alikuta kwamba ndoa ambazo mmoja husafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini zilikuwa na hatari ya kuvunjika iliyo juu kwa asilimia 40 hivi, na miaka ya mwanzo ndiyo iliyokuwa migumu zaidi. Sikutajii hayo kukutisha. Ndoa hazivunjwi na dakika, na wapo wengi wanaosafiri mbali na kupendana vizuri tu. Nakutajia kwa sababu miji yenu yote miwili inapita kipimo hicho, kwa hiyo lolote mtakalochagua mtahitaji mapatano mapya ya nani anafanya nini nyumbani. Yafanyeni kabla ya kupakia vyombo.

Na wifi yako. Umeandika, "mume wangu anasema atatusaidia." Yeye mwenyewe amesema nini? Kaka huahidi kwa niaba ya dada bila nia mbaya, kwa sababu tangu utotoni dada hakuwahi kumkatalia. Lakini kati ya "nitawasaidia" na Jumanne ya saa tisa alasiri mtoto ana homa kuna umbali mkubwa. Nenda kwake wewe, kwa heshima, ukae naye. Muulize ni siku zipi anaweza, akisafiri itakuwaje, angependa mumshukuru vipi, na ni jambo gani hataki kabisa kubebeshwa. Muulize pia kama angeona vibaya mkiweka mtu wa kumlipa na yeye abaki shangazi tu. Wapo mashangazi wengi ambao upendo wao ulichoka kwa sababu uligeuzwa ratiba. Akikubali kwa moyo wake, huo ni utajiri ambao mji wa reli hauna, nami sitaudharau. Nimeona ndugu mmoja wa karibu akizidi thamani ya treni kumi.

Umeniuliza kama mmechelewa kwa huyu binti. Kuna kazi moja inayotajwa sana hapa, nami ningependa uijue pamoja na mipaka yake. Miaka ya 1994 hadi 1998, katika miji mitano ya Marekani, familia maskini zilizokuwa zikiishi kwenye mitaa yenye dhiki kubwa zilipewa kwa bahati nasibu nafasi ya kuhamia mitaa yenye unafuu. Mwaka 2016 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walichapisha matokeo ya watoto hao wakiwa watu wazima. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 31 walipofikia miaka ya kati ya ishirini. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidi, na pengine walirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuhama kwenyewe hukata kitu. Ukiusoma umri peke yake utasema binti yako bado yuko ndani. Lakini watoto wale walitoka kwenye dhiki kubwa, na kila mwaka wa utoto waliokaa mahali pazuri uliwaongezea. Binti yako hatoki huko. Yeye anatoka kwenye shule anayoijua na marafiki wawili wa miaka mingi. Kwake hesabu haijakaa upande mmoja: kuna atakachopata, na kuna atakachopoteza ambacho hakina uwanja wala bembea ya kukifidia.

Kwa hiyo mpe kitu cha kushika. Mkubaliane naye kama atamalizia darasa lake hapo jijini au atahama katikati ya masomo, na muulize lipi analiona zito. Mpeleke akaione shule mpya siku ya masomo, wakati wa mapumziko, asimame uwanjani aone wasichana wa rika lake wanavyokaa. Mwonyeshe atakavyokutana na wale wawili, kwa tarehe, isiwe "tutakuja kuwatembelea". Mtoto aliyesema "sawa" na kurudi kwenye daftari ndiye ambaye mimi ningekaa naye usiku mmoja bila kuwasha televisheni.

Kuhusu mdogo, naomba tuulize kitu ambacho pengine kimepitwa haraka. Shida yake ilikuwa jiji, au ilikuwa ghorofa ya nne yenye mgonjwa chini yake? Mlitafuta nyumba ya chini jijini humo? Huenda mlitafuta mkakuta kodi haishikiki, na barua haikuwa na nafasi ya kulisema. Kama hamkutafuta, mwezi huu mmoja uliobaki unatosha kuangalia. Njia hiyo nayo ina hasara yake: itampa mtoto sakafu ya kukimbilia na kukuachia jioni zako, lakini haimpi mumeo ule mti, na mti ule naona unamwambia habari za maisha yake yote, za kuwa na mahali pake. Mkibaki jijini, tamaa hiyo haitakufa. Itarudi baada ya miaka miwili, binti akiwa amevuka umri ambao kuhama ni kwepesi.

Na uwanja wenyewe, fikiri mbele kidogo. Leo ana miaka minne na uani panamtosha. Akifika tisa atataka mtaa: rafiki wa kumfuata kwa miguu, mahali pa kuchezea mpira, njia ya shule anayoweza kuipita bila gari. Huko Uingereza Mayer Hillman na wenzake walihesabu kwamba mwaka 1971 watoto wanane kati ya kumi wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima, na kufikia 1990 hakufika hata mmoja kati ya kumi. Nyumba nzuri zilikuwepo, magari ndiyo yaliyochukua njia. Kwa hiyo mkienda kwenye hiyo miji, simameni nje saa ambayo shule zinafunguliwa milango mchana na mtazame tu. Watoto wanatembea, au wanabebwa wote? Mji wa reli wenye nyumba ya sementi lakini uwanja wa mtaa dakika tano kwa miguu unaweza kumfaa kuliko uzio mzuri ulio pembeni ya barabara kuu. Au kinyume chake, sijui, hujaniambia nje ya uzio kuna nini. Na huko mji wa reli mliona nyumba ngapi? Umenielezea moja.

Zipo pia njia za katikati. Mnaweza kupanga mji wa barabara kwa mwaka mmoja bila kutoa pesa ya kununua, mkiachia nafasi ya kurudi nyuma, na hatari yake ni kwamba binti anaweza kuhamishwa mara mbili. Unaweza kumwomba bosi wako uingie mapema na kutoka mapema, au ufanyie kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, na hapo safari kumi za wiki zinakuwa sita. Lakini hilo lipate kwa maandishi, maana bosi hubadilika na ahadi ya mdomo huondoka naye. Nauli na mafuta ya wote wawili yajumlisheni kwa miezi kumi na miwili mkayaweke juu ya kodi ya kila mji, kisha ndipo muulizane upi ni nafuu.

Muda aliowapa mwenye nyumba ni wake, ana haki nao. Nanyi mna haki ya kumjibu kwamba mnahitaji wiki tatu za kujaribu njia. Anaweza kumpa mwingine. Hilo litamuuma mumeo, na litakuuma nawe ukimwona. Pesa iliyotolewa kwa haraka nayo huuma, tena huuma kila mwezi. Kati ya maumivu hayo mawili nyinyi ndio mnaojua lipi mnaliweza.

Usimwendee mumeo na makosa ya nyumba. Mwendee na lile uliloniandikia mimi, kwamba hujamwona na uso ule tangu binti azaliwe. Nina hakika hajui kama uliuona. Mwambie unautaka uso huo uendelee kuwepo, kisha mwambie kuhusu mdogo kulala kabla hujarudi, na umwombe asikujibu usiku ule. Mwombe tu Jumatatu moja asafiri nawe kwa saa yako.

Mkishamaliza siku hizo za kujaribu, niandikie tena, nitakusoma. Na kama binti ataridhia, naomba mistari miwili ya mwisho ya barua hiyo aiandike yeye.